Sato: shajara ya kumlea Labrador jijini Mwanza

Machi, siku za kwanza

Lengo la mradi limeandikwa kwenye kalenda ya jikoni kwa mwandiko wa kitinda mimba wetu: asing'ate, asiibe, arudishe. Mama wa watoto akaongeza chini yake kwa kalamu nyekundu: asipande kwenye kochi. Shajara hii ni ya kufuatilia nani anashinda.

Mbwa mwenyewe ni Labrador jike wa manjano iliyopauka, umri wiki tisa, jina lake Sato, kama yule samaki wa ziwani. Kaka yangu ndiye aliyemleta kwa gari kutoka Arusha, akipitia Singida na Shinyanga. Kila mtu anauliza kwa nini hakukata katikati ya Serengeti. Wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi kuingia hifadhi za taifa, hata wakiwa wamelala ndani ya kapu. Kwa sheria hiyohiyo kisiwa cha Saanane, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, tutakitazama tukiwa ng'ambo.

Majirani hapa Pasiansi wamepita kumwona, na swali lao ni moja: ataweza kulinda? Hapana. Nasema mapema ili asije mtu akanidai baadaye. Mababu wa Labrador walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada. Kazi yao ilikuwa kuingia kwenye maji ya baridi, kuvuta kamba za nyavu na kudaka samaki waliochomoka. Waingereza wakawachukua karne ya 19, wakawazalisha kwa ajili ya kuokota ndege waliopigwa risasi na kumletea mwindaji bila kuwatoboa, na mwaka 1903 chama chao cha mbwa kikautambua uzao huo rasmi. Mbwa aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kubeba kitu mdomoni na kumkabidhi mtu, ukimweka getini apambane na mwizi unamwonea. Atampokea mwizi vizuri na kumletea kiatu.

Kwa hiyo mafunzo yetu yataanzia hapo mdomoni. Kung'ata, kuiba, kula hovyo, hata kuwarukia wageni, naona vyote ni mdomo uliokosa kazi.

Machi, katikati

Haja ndogo. Mtoto wa mbwa wa umri huu hawezi kubana zaidi ya saa mbili tatu mchana. Akiamka, nje. Akimaliza kula, nje. Akitoka kucheza, nje. Akimaliza pale kwenye nyasi anapewa kipande cha dagaa hapohapo, kabla hajageuka. Akikojoa ndani tunafuta kwa maji na siki, kimya. Nusu ya mtaa imenishauri nimsugue pua kwenye mkojo. Mbwa haunganishi adhabu ya sasa na jambo la dakika kumi zilizopita. Anachojifunza ni kwamba wewe ni mtu wa kuogopwa, na kesho anakwenda kukojoa nyuma ya kabati ambako hutamwona.

Usiku analala kwenye kibanda cha mbao alichotutengenezea fundi, kando ya kitanda cha binti mkubwa. Analia kidogo, binti anateremsha mkono, analala. Sina zaidi la kuandika hapo.

Machi, mwishoni

Hela ya vitafunio vya mbwa vya dukani hatuna, na ukiishi Mwanza ukanunua vitafunio vya mbwa dukani ni kujitafutia lawama. Nimekwenda Mwaloni, Kirumba, kutafuta dagaa. Kuna waliokaushwa juu ya vichanja na kuna walioanikwa chini kwenye mchanga. Hawa wa mchanga ni rahisi, ila ule mchanga unaingia tumboni, kwa hiyo nimechukua wa kichanja. Mama muuzaji aliniuliza ninapika vipi. Nilipomwambia ni wa mbwa alinitazama, akanyamaza, akapandisha bei.

Nyumbani tunawakaanga kwenye kikaango kikavu, bila mafuta wala chumvi, tunawavunja vipande na kuvitia kwenye kopo. Dagaa mmoja anatoa malipo matatu. Mfuko wangu wa koti sasa una harufu inayowafanya paka wa mtaa wanisindikize dukani, lakini kwa mafunzo sijaona kitu kinachomfikia: kidogo, kinanuka, hakihitaji kutafunwa muda mrefu, na Sato anakigeukia hata akiwa ameshaona kuku.

Kipimo kinabaki kilekile kinachosemwa na madaktari wa wanyama: malipo ya mafunzo yasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Kwa Labrador hili si jambo la mzaha. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro kwenye jeni iitwayo POMC, inayohusika na kumwambia mwili kwamba umeshiba. Hao wana njaa muda wote. Sijui kama Sato ni mmojawapo, lakini anavyoitazama sufuria ya maharage nina mashaka yangu.

Chakula chenyewe ni chakula kikavu cha watoto wa mbwa, kwa sababu mifupa ya uzao mkubwa inataka kalisiamu na fosforasi kwa uwiano ambao mimi siwezi kuupima kwa kijiko. Juu yake tunamwagia supu ya mapanki, yaani mabaki ya samaki yaliyokwisha kutolewa minofu. Yale mapanki tunayachemsha mpaka yalegee, tunachuja kwenye kitambaa, miiba inakwenda shimoni. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapewi kabisa, maana inapasuka vipande vyenye ncha. Kitunguu na chokoleti, ambavyo ni sumu kwa mbwa, vimeandikwa kwenye mlango wa jokofu kwa herufi kubwa, kwa faida ya wajomba wanaopenda kumega.

Kumpima uzito tunaenda duka la nafaka, kwenye mizani ya magunia. Wateja wanauliza kilo shilingi ngapi.

Aprili

Hapa kuna mambo mawili yanayovutana. Mtoto wa mbwa anaizoea dunia kwa wepesi kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na nne tangu kuzaliwa. Asichokiona katika dirisha hilo, ukubwani huenda akakiogopa. Wakati huohuo chanjo zake hazijakamilika. Parvo inaua watoto wa mbwa haraka, na virusi vyake vinakaa kwenye udongo miezi mingi baada ya mbwa mgonjwa kupita. Dozi ya mwisho ya mchanganyiko ule wa distempa, parvo na homa ya ini inaangukia wiki ya kumi na sita. Ukisubiri ndipo umtoe nje, dirisha limefungwa.

Dawa yetu imekuwa kapu. Tunambeba. Miguu haigusi ardhi, macho na masikio yanafanya kazi. Tumekaa naye stendi ya bajaji mpaka honi zikawa si habari. Tumepita karibu na kwaya inayofanya mazoezi na spika kubwa, karibu na kisima cha kuoshea bodaboda, mbele ya shule saa ya kutoka, na chini ya miti yenye makorongo wale wakubwa wenye upara. Kwa kila kelele kipande cha dagaa. Hatumlazimishi amwendee mtu. Akitazama kitu kwa utulivu, analipwa kwa kutazama.

Mzee jirani anastahili aya yake. Ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwake ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sato akimlamba kanzu saa ya kwenda msikitini amemharibia safari. Kwa hiyo amri ya kwanza tuliyoikazia nje ya nyumba ni "kaa" pale mzee anapotokea kwenye kona: matako chini, kamba fupi, mpaka apite. Nilimwamkia, nikamweleza mpango.

"Marahaba," akasema. Kisha akaniambia kwamba Qurani, Sura ya Al-Maida, inahalalisha kula alichokamata mbwa wa kuwinda aliyefundishwa. "Lakini huyo wako, baba, bado hajafundishwa."

Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata alipotimiza miezi mitatu. Cheti kiko kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mama yao ndiye aliyekiweka huko.

Mei na Juni

Meno. Mtoto wa mbwa ana meno ya utoto 28, nayo yanang'oka kuanzia kama mwezi wa nne kupisha 42 ya ukubwani. Fizi zinawasha na kila kitu kinatafunwa. Kitambaa kilicholowekwa na kugandishwa kwenye friza kinasaidia sana. Umeme ukikatika kitambaa kinalegea na mguu wa meza unaumia.

Kwa kung'ata mikono tumefuata njia moja, watu wote wa nyumbani. Jino likigusa ngozi, mchezo unakwisha. Unasimama, unakunja mikono, unatazama pembeni. Akitulia, mchezo unarudi, na safari hii ana kitu halali mdomoni. Ugumu haukuwa kwa Sato. Kijana wetu wa kati anapenda mieleka, na kila tulipopiga hatua mbele yeye alimrudisha nyuma sebuleni jioni, akicheka huku shati likivutwa. Mbwa anajifunza sheria ya mtu aliyelegea kuliko wote ndani ya nyumba. Kijana amekabidhiwa kazi ya kumlisha asubuhi, bakuli linashuka tu Sato akiwa amekaa, na tangu awe na cheo mieleka imepungua.

Kisha ndala. Hapa ndipo mradi wenyewe ulipoanza, naona hivyo.

Sato anaokota ndala. Hazili, anazibeba tu, kichwa juu, mkia unapiga ukuta. Mtoto wa kawaida akiona hivyo anapiga kelele na kumkimbiza, na hapo mbwa amepata mchezo mtamu kuliko yote: yeye ana kitu, nyumba nzima iko nyuma yake. Mbwa wa aina hii ukimkimbiza unamfundisha kukimbia na mali. Ukimfungua taya kwa nguvu unamfundisha kumeza.

Tumepiga marufuku kukimbiza. Akichukua ndala, aliye karibu anachuchumaa, anageuka ubavu, anamsifu: "Umeleta! Hebu lete tuone." Sato, ambaye kubeba ni damu yake, anakuja. Dagaa inafika puani, mdomo unafunguka, ndala inadondoka, na neno "achia" linasemwa wakati ndala inadondoka, si kabla. Baada ya muda neno likatangulia na dagaa ikafuata. Halafu, na hili ndilo watu wanalisahau, mara nyingi ndala anarudishiwa. Anajifunza kwamba kuachia si kupoteza.

Matokeo hadi mwisho wa Juni: viatu havitafunwi, ila haviko mahali pake. Wageni wanaambiwa mlangoni wasishtuke.

Julai

Kiangazi, vumbi, nyasi fupi. Wakati mzuri wa kazi ya "leta", alfajiri kabla miamba haijashika moto. Jiwe la granaiti saa sita mchana usilomudu kuliwekea kiganja, usimpitishe mbwa.

Kifaa chetu ni boya la nyavu, lile dogo la wavuvi, limefungwa ndani ya turubai chakavu na kushonwa. Turubai ni lazima, maana boya tupu linamegeka na vipande vinakwenda tumboni. Likitupwa linaonekana, likianguka ziwani linaelea. Nimeanza kwenye korido ya nyumba, milango imefungwa. Kwenye korido hana pa kupeleka boya ila kwangu. Nalitupa karibu, analifuata, na anapoliokota mimi napiga hatua za kurudi nyuma. Ukimsogelea anakwepa, ukiondoka anakufuata.

Baadaye tukahamia uani, kisha uwanja wa shule siku za likizo, na kamba ndefu kifuani. Hatumtupii mara nyingi. Mitupo michache, boya linaingia mfukoni angali analitaka. Mbwa akirushiwa mpaka achoke atakuachia boya kule kule uwanjani akatafute kivuli. Pia viungo bado vinakua. Uzao huu una matatizo ya nyonga, kwa hiyo hakuna kuruka ukuta wala ngazi za miamba za kule Isamilo mpaka atimize mwaka na zaidi.

"Subiri" ndiyo iliyochukua muda. Boya linaruka, Sato anabaki amekaa, anatetemeka mwili mzima, mpaka aambiwe. Binti mkubwa ana subira hiyo, mimi sina. Kwa zoezi hili binti ndiye mwalimu, na mimi ni mtupaji.

Kuhusu makorongo: moja lilisimama kati yake na boya, refu kama mtoto wa darasa la tatu, halikusogea. Sato alizunguka kwa mbali, akalichukua boya, akarudi kwa njia ndefu zaidi. Nimeiandika kama akili, si woga.

Agosti

Ziwa. Watu wanaosoma vitabu vya Ulaya wanadhani ukiwa na Labrador na maji basi mambo yamekamilika. Maji yao si maji yetu.

Kwanza mamba. Kwa hilo hakuna ujanja, ni kuuliza wavuvi wa mwalo uleule, asubuhi ileile. Wao wanajua wapi ameonekana. Wakisema hapana, tunarudi nyumbani, na tumesharudi. Alfajiri kabla ya jua na jioni hatuingii.

Pili kichocho, ambacho ni hatari zaidi kwetu kuliko kwake. Vimelea vinatoka kwa konokono wa maji tulivu yenye majani, na vinatoka kwa wingi jua likiwa kali kuelekea mchana. Kwa hiyo mbwa anaingia, sisi hatuingii. Anayepokea boya amevaa gambuti na amesimama kwenye mchanga mkavu. Watoto walinung'unika sana. Walivyoambiwa habari ya vidonge vya prazikwanteli wakanyamaza.

Tatu utando wa kijani. Kuna majira maji ya ghuba yanatanda kijani juu, na baadhi ya bakteria wanaoufanya utando huo wana sumu inayoweza kumuua mbwa anayekunywa au kujilamba manyoya. Ukiuona, geuza gari. Magugu maji nayo yanafunika konokono, na kamba inanasa.

Kinachobaki sasa ni asubuhi ya saa mbili, ufuko wa mchanga ulio wazi, maji yanayopigwa na upepo, na kamba ya plastiki ya wavuvi inayoelea. Mtupo wa kwanza boya lilianguka kwenye maji ya magotini. Sato aliingia, akalichukua, akatoka, akajikung'uta karibu na mama yao kuliko mtu mwingine yeyote. Tukasogeza boya polepole mpaka pale miguu inapokosa ardhi. Akaogelea. Mkia ule mnene unafanya kazi ya usukani, vidole vina ngozi katikati. Hakuna aliyemfundisha.

Kilichotutatiza ni jina. Kuita "Sato! Sato njoo!" ufukoni pa Mwanza ni kujiita wateja. Akina mama wawili walituuliza tunauza wapi, na mmoja alikuwa ameshashika beseni. Nje tunaita kwa filimbi.

Baada ya kila maji: masikio yanafutwa yakauke, maana masikio yanayoning'inia yakibaki na unyevu yanaoza, kisha kupekua kupe kati ya vidole, kwapani na ndani ya masikio. Kupe wa hapa wanaleta magonjwa ya damu, na fizi zikianza kupauka usingoje kesho.

Septemba

Bibi amekuja kutoka Sengerema. Amevuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, anasema kivuko alikipenda zaidi kwa sababu kilikuwa na watu wa kuzungumza nao. Amemtazama Sato ndani ya nyumba, hakusema neno. Asubuhi akamsalimia kila mtu kwa Kisukuma, "Mwangaluka", isipokuwa mbwa.

Bibi hajamkubali na sidhani atamkubali. Kwao mbwa analala na ng'ombe. Lakini nimemwangalia anavyomwamuru, nikachukua somo. Anasema mara moja. Habembelezi wala hapazi sauti. Akisema "toka jikoni" na Sato asitoke, bibi anaacha kukoroga ugali, anasimama hapo mpaka atoke, kisha anaendelea. Sisi tulikuwa tunarudia amri kama mpiga debe, na Sato alishajua kwamba mara ya kwanza ni salamu tu. Tumehamisha mtindo wa bibi kwenye mafunzo yote: neno moja, kisha unasubiri.

Tarehe 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Tumepita nyumba kwa nyumba mtaani kuhimiza watu wapeleke mbwa wao kwenye chanjo. Watoto walikuja na mbwa wao wa kienyeji kwa kamba za katani, wengine wamebebwa begani. Karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu vinatokana na kung'atwa na mbwa, na dalili zikishatokea hakuna tiba. Kijana wetu ndiye aliyewaeleza wenzake: ukiumwa na mbwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Sato alikaa kama mfano wa mbwa asiyeogopa sindano. Alikuwa akiangalia mfuko wangu.

Oktoba

Sato yuko kwenye joto. Madume ya Pasiansi yote yamepata habari, na mengine nadhani yametoka Kiloleli. Yanalala mbele ya geti, yanachimba chini ya ukuta, na mzee jirani amelazimika kupita njia ya nyuma kwenda alfajiri. Nimemwomba radhi. Akasema hao wa nje nao wafundishwe.

Kipindi hiki kinachukua kama wiki tatu. Ufuko umesimama, uwanja umesimama, na mvua za vuli zimeanza hata hivyo. Kazi imehamia ndani: boya linafichwa nyuma ya debe, chini ya kanga, juu ya kiti, naye analitafuta kwa pua. Zoezi hili linamchosha kuliko kukimbia. Kwa wanaofuga na hawana uwanja, anzeni na hili.

Daktari wa mifugo anashauri kumfunga kizazi, ila baada ya joto hili kupita miezi michache na mwili kukomaa. Mama yao anaunga mkono, binti anataka watoto wa mbwa, bibi kwa simu ameuliza nani atawalisha. Miadi ni Januari. Mpaka hapo geti lina kufuli, na ufunguo anao mama mdogo, dada wa mama yao, kwa sababu yeye peke yake ndiye asiyependa mbwa kiasi cha kumfungulia.